Dripu Nyekundu na Tawi la Miiba

Nilimuuliza daktari dawa inajuaje. Nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha plastiki, uvimbe wa shingoni ukiwa umefikia ukubwa wa yai la njiwa. Kando yangu mama alikuwa ameishika bahasha ya majibu kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake amshikie. Daktari alikuwa ametoka kueleza kwamba ni saratani ya tezi za limfu, na kwamba ningepewa dripu mara sita, moja kila baada ya wiki tatu. Nadhani alisubiri nimuulize kama nitapona. Mimi nikataka kujua dawa ikishaingia kwenye mshipa inaitambuaje seli yenye saratani na kuiacha isiyo nayo.

"Haijui," akasema.

Mama aligeuka akanitazama. Mimi nilianza kumwamini daktari yule hapo hapo. Tangu uvimbe uanze nilikuwa nimepewa dawa nyingi, na zote zilikuwa zinajua. Kulikuwa na mzizi unaojua ugonjwa ulipo, maji ya maombi yanayojua, unga wa kijani kwenye chupa ambao ukinywa unakwenda wenyewe mpaka penye tatizo. Huyu alikuwa mtu wa kwanza kuniambia kwamba dawa yake haioni.

Akachukua karatasi, akachora nyuzi mbili zilizosokotana. Nilikuwa nimewachorea wanafunzi mchoro ule ule ubaoni nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, lakini nilimwacha achore. Alisema kila seli inayotaka kugawanyika lazima kwanza ifungue kamba yake ya vinasaba na kuinakili yote, na kwamba hapo ndipo dawa zinapoingilia. Mojawapo huushika uzi huu na ule na kuzifunga pamoja, zisiachane. Nyingine, ile nyekundu, hujipenyeza katikati ya msokoto na kukikwamisha kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuikata kamba kidogo, kuilegeza na kuiunga tena. Kimeng'enya kinakata, kisha kinakwama kabla hakijaunga. Kamba inabaki imekatika. Mikato ikizidi, seli hujiua.

"Kwa hiyo mtaniharibu," nikasema.

"Tutawaharibu wote wawili, wewe na saratani. Ila seli nzima ikikatwa, husimama. Hujikarabati kwanza ndipo iendelee. Hii nyingine imesahau kusimama. Inakimbia na majeraha yake mpaka inaanguka. Tunategemea tofauti hiyo tu."

"Na seli nzima zinazogawanyika haraka?"

"Za nywele, mdomo, utumbo, damu. Zitaumia. Nyingi zitarudi."

"Nyingi."

"Nyingi," akarudia, bila kunipunguzia wala kuniongezea.

Nikamuuliza kama dawa inayokata vinasaba haiwezi kuanzisha saratani nyingine miaka ijayo. Akasema inaweza, mara chache, ila hii niliyonayo haina mpango wa kuisubiri hiyo nyingine. Nikamuuliza kuhusu mayai yangu ya uzazi. Akamtazama mama, kisha akanitazama mimi, akasema hawezi kuahidi. Mama, ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni tu, hakuelewa tunazungumza nini, na nilishukuru.

Ndani ya basi la kurudi, tulipokuwa tumeshapita Karatu na kuanza kupanda milima ya kwetu, mama aliniuliza nilikuwa namhoji yule daktari nini muda wote ule.

"Kama dawa itanifaa."

"Akasema itakufaa?"

"Ndiyo."

Akafumba macho akalala. Mimi sikulala.

*

Kwetu ni Maretadu, nyumba moja kwenye mteremko, shamba la mahindi na maharage mbele, zizi nyuma. Baba alifariki nikiwa kidato cha pili. Kaka zangu wawili wako mbali na wana familia zao. Nilikuwa nimerudi nyumbani na shahada yangu ya ualimu wa baiolojia, nikisubiri ajira, na badala ya ajira nilipata uvimbe.

Baada ya dripu ya kwanza, mwanzoni mwa Desemba, niliondoka hospitali na karatasi ya maelekezo. Nikamsomea mama jikoni, nikitafsiri kwa Kiiraqw. Kwa siku mbili baada ya dripu, mkojo, jasho na matapishi yangu bado vina dawa, kwa hiyo avae glavu anaponisafisha, nguo zangu afue peke yake, choo kifunikwe. Niwe na kikombe changu na sahani yangu. Kuanzia kama siku ya saba chembe nyeupe za damu zitashuka, kwa hiyo nisikae kwenye kundi la watu, nisikaribiwe na mwenye kikohozi, nisinywe maziwa yasiyochemshwa. Homa ikipanda, hospitali siku hiyo hiyo.

Mama alisikiliza mpaka mwisho huku akigeuza ugali.

"Hii naijua," akasema.

Alichokuwa anakijua ni metimani. Wasiotoka kwetu hawatalijua neno hilo, kwa hiyo nieleze. Zamani nyumba iliyofiwa na mtoto mchanga, au ambayo binti alibeba mimba kabla ya kuolewa, ilikaa peke yake kwa muda. Watu wake hawakuingia kwa majirani wala kukanyaga shamba la mtu, ng'ombe wao hawakuchungwa pamoja na wa wengine, na hakuna aliyekuja kula kwao. Wazee walisema siyo adhabu. Kitu kibaya kimeingia pale, basi kikae pale pale mpaka kiishe nguvu. Makanisa yaliipiga vita, na nilipokuwa nakua ilikuwa imebaki vipande vipande. Chuoni, kwenye kozi moja ya hiari, niliandika insha juu yake. Niliandika kwamba ni hofu iliyovalishwa nguo za heshima, nikapata alama nzuri sana.

Siku nne baada ya kurudi, akina mama wa jumuiya walikuja kutoa pole. Walikuja kama wanavyokuja kwa mgonjwa yeyote, wote pamoja, na sukari, na wimbo, na mikono ya kushikwa mmoja mmoja. Mmoja alikuwa anakohoa kwenye khanga. Mwingine amempakata mjukuu mwenye kamasi mpaka mdomoni, na yule mtoto alinipenda, akataka nimbebe. Nilimtazama mama, mama akanitazama mimi. Huwezi kumwambia mtu aliyetembea kuja kukupa pole kwamba asikaribie.

Walipoondoka, mama alichukua panga akaenda korongoni. Akarudi anakokota tawi la mgunga, miiba yake mirefu kama sindano za kushonea magunia, akalilaza kukata njia ya kuingilia kwetu.

"Wakiona hili hakuna atakayeuliza," akasema. "Na hakuna atakayesema tumemdharau."

Nilicheka. Nilimwambia nimewahi kuandika insha juu ya jambo hilo.

"Ulisemaje?"

"Kwamba limepitwa na wakati."

"Nilitoe?"

Miiba ile ingefanya kwa saa moja kazi ambayo karatasi ya hospitali isingefanya kwa mwaka. "Acha," nikasema. Kosa ni letu wawili, lakini mwenye digrii alikuwa mimi.

*

Miiba ilifanya kazi. Kesho yake hakuja mtu, wala kesho kutwa. Kutoka mlangoni niliwaona wanawake waendao kuchota maji wakiiacha njia ya kwetu na kushuka kwa chini, kwenye mawe. Wakifika usawa wa nyumba mazungumzo yao yalikatika, na wakishapita yakaanza tena.

Mwanzoni niliona raha. Nilikuwa na vitabu, na kidonda mdomoni kisichotaka mazungumzo. Nywele zilianza kutoka wiki ya tatu, nikamwambia mama azinyoe zote. Simu ilishika mtandao sehemu moja tu, kwenye kona ya zizi, kwa hiyo kila jioni nilisimama pale kati ya ng'ombe nikisoma ujumbe wa tuliomaliza nao chuo. Wiki ya kwanza walinitumia maombi na picha za mikono iliyokunjwa. Kisha kundi likarudi kwenye habari za ajira na harusi, kama ilivyo haki yao, na nikawa nasoma habari za harusi za watu huku ndama ananilamba kiwiko.

Chembe nyeupe zilipopanda tena, mama aliliondoa tawi, akaliegesha kando ya ua. Hakuja mtu. Tukaenda kwenye dripu ya pili siku chache kabla ya Krismasi, tukarudi, akalirudisha. Siku ya Krismasi tulisikia kwaya kutoka ng'ambo ya bonde, sauti ya pili ikiwa imepungua mtu mmoja, kwa sababu mtu huyo alikuwa mama, na alikuwa ameketi kwenye kigoda anachambua maharage na mimi. Aliimba sehemu yake kwa chini chini, akisubiri zamu za wenzake zipite, kisha anaingia.

Mahindi yetu yalikuwa yamepandwa mwishoni mwa Novemba kwa msaada wa kikundi chetu cha kulima. Kwetu watu hulima kwa zamu. Leo wote wako shambani kwako, kesho wako kwa jirani, na mwenye shamba siku hiyo hupika. Palizi ya kwanza ilipofika, mwanzoni mwa Januari, tawi lilikuwa limeondolewa, na mama alichukua jembe akaenda kujiunga na wenzake kwa jirani. Alirudi jua halijapanda. Jembe lilikuwa safi.

"Wamekukataza?"

"Hawakunikataza."

"Sasa?"

"Wamenisalimia. Halafu wakahamia upande wa pili wa shamba."

Akapalilia shamba letu peke yake. Nilimtazama kutoka dirishani, mgongo wake ukiinuka na kuzama kwenye mstari ambao watu kumi na wawili walizoea kuumaliza kwa asubuhi moja. Alipofika mwisho wa shamba, magugu ya mwanzo yalikuwa yameshaota upya. Hapo ndipo nilipoanza kuhesabu kitu kingine. Nilikuwa mgonjwa mmoja, na dripu zile zilikuwa zinatutenga wawili. Damu yangu ilipanda kila baada ya wiki mbili. Yeye hakurudi kwa watu hata mara moja.

*

Baada ya dripu ya tatu, katikati ya Januari, uvimbe ulitoweka. Asubuhi moja nilipeleka mkono shingoni nikakosa cha kushika. Nilikaa juma zima nikijenga hoja, na hoja ilikuwa nzuri, ningeweza kuitetea mbele ya jopo. Dawa haijui. Hukata chochote kinachogawanyika. Kama saratani haipo tena, dripu ya nne itakata nini, kama siyo damu yangu na utumbo wangu na mayai yangu? Nikamwambia mama kwamba nadhani tumemaliza.

"Daktari alisema sita."

"Alisema kabla uvimbe haujaondoka."

"Umempigia?"

Sikuwa nimempigia. Mimi niliyemhoji daktari mpaka foleni ikanuna nyuma ya mlango, safari hii sikutaka kumuuliza, maana nilijua angejibu. Na sababu ya kweli haikuwa kwenye hoja yangu. Sababu ilikuwa nje, imeinama shambani.

Katika siku hizo hizo alikuja mama wa maziwa. Huyu ni Mmang'ati, Mbarabaig wa upande wa Basotu, ambaye tangu nikiwa mdogo hupanda kwetu na punda wake kubadilishana samli na maziwa kwa mahindi. Tawi lilikuwa njiani. Alilisukuma kwa fimbo, akampitisha punda, akalirudisha vizuri kama mtu anayefunga mlango, akaja mpaka uani, bangili zake za shaba zikilia. Mila ile haikuwa yake.

"Shikamoo, mama," nikasema nikiwa mlangoni.

"Marahaba. Nyumba yenu ina nini? Njia nzima watu wananiambia usipite, usipite. Nikasema labda wamefuga chui."

"Hakuna chui. Mimi ninaumwa. Ukae hapo kwenye jiwe, tafadhali, usinikaribie."

"Sina haja ya kukukaribia. Mama yako yuko wapi?"

"Shambani."

"Peke yake?"

"Peke yake."

Akaketi kwenye jiwe, akafungua kibuyu, na ile harufu ya maziwa yaliyofukizwa kwa mti ikanifikia. Tangu dripu ya kwanza hakuna harufu iliyokuwa imenifanya nitamani kitu. Nikamwambia nitayachemsha kwanza.

Akaziba kibuyu kwa kiganja. "Umesema?"

"Hospitali wamesema niyachemshe."

"Maziwa yangu."

"Ya mtu yeyote."

"Baba yako amekunywa maziwa haya miaka yote."

"Na baba amekufa."

Nilijuta kabla sijafunga mdomo. Lakini yeye alicheka kicheko kikubwa, akajipiga goti. "Wairaqw mkienda shule mnakuwa wabaya. Haya, ua maziwa yangu. Sufuria iko wapi?"

Nikamwonyesha jiko la nje. Aliyachemsha yeye mwenyewe, akiyatazama yakifura kwa uso wa mtu aliyealikwa kwenye msiba asioukubali. Huku akikoroga akaniuliza ni ugonjwa gani, na mimi, labda kwa sababu nilikuwa sijazungumza na mtu mwingine kwa majuma, nikamweleza yote. Kamba mbili zilizosokotana, mikato, dripu nyekundu, tatu nimemaliza, tatu bado, na kwamba ninaacha kwa kuwa uvimbe haupo.

"Umeuangalia ndani?"

"Ndani sioni. Lakini shingoni haupo."

"Sisi ng'ombe tunaogesha," akasema. "Pale josho. Leo ng'ombe anatoka, kupe wote wamekufa, ngozi inang'aa. Wiki ijayo tunamrudisha. Kwa nini?"

"Kwa sababu ya kupe wapya."

"Wapya wametoka wapi?"

Nilijua, na nilijua anakokwenda. Kupe waliokuwa mayai kwenye nyasi siku ya josho. Dawa haikuwakuta.

"Kijana mmoja wa kwetu," akaendelea, "amesoma kama wewe. Akasema josho moja linatosha, dawa ni kali. Sasa anauza soda Katesh. Ng'ombe hana."

Akamimina maziwa kwenye kikombe changu, akakiweka katikati ya njia kati yetu, akarudi kwenye jiwe lake. Nikanywa. Yalikuwa na ladha ya sufuria.

Nilikuwa nimefundisha jambo lile. Seli iliyolala, isiyogawanyika siku dawa inapopita, haifungui kamba yake, na dawa haina pa kushika. Ikiamka baadaye inakuta nyumba tupu. Ndiyo sababu dripu ni sita na siyo moja. Nilikuwa nimeliruka jambo hilo katika hoja yangu nzuri, na nililiruka kwa makusudi.

*

Hata hivyo kujua hakukuondoa mgongo wa mama dirishani. Zilikuwa zimebaki siku tatu kabla ya safari, na palizi ya pili ilikuwa imefika. Nikaamua kwenda kumwona kiongozi wa kikundi, jirani tunayepakana naye, mama wa makamo aliyenifundisha shule ya Jumapili. Mdomoni nilikuwa nimebeba sentensi moja: miiba imeisha leo, nimeacha dawa, mpokeeni mama. Niliisema mara kadhaa njiani ili nisikie inavyosikika.

Nilimkuta shambani kwake anakagua maharage. Nilisimama kwenye mpaka, penye mstari wa katani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Simama hapo hapo."

"Nimesimama."

"Umekonda."

"Ni dawa."

"Na chini ya hicho kitambaa kuna nywele?"

"Hakuna."

"Basi tumefanana." Akainua kilemba chake kidogo, kichwa chake kimenyolewa kama kawaida yake. Nikakaza kitambaa changu.

Nikaanza kumweleza. Nilisema saratani siyo kitu cha kuambukiza, kwamba dawa inaharibu vinasaba ndani ya seli zangu na siyo za mtu mwingine, kwamba hakuna mkosi wowote nyumbani kwetu. Alinisikiliza kama alivyokuwa anatusikiliza tukikosea kukariri amri kumi.

"Nani amekuambia sisi tunafikiri inaambukiza? Redio tunayo."

"Sasa mbona hamji?"

"Mama yako ameweka miiba."

"Aliitoa."

"Ameweka, ametoa. Ameweka, ametoa. Tangu lini jambo hili likawa hivyo? Linawekwa mara moja, unatajwa mwisho wake, linatolewa mara moja. Nyie mmeifanya miiba lango la zizi. Sisi tutajuaje leo ni siku ya kuingia au ni siku ya kukuua?"

"Kuniua?"

"Redio walisema mwenye dawa hizo hata mafua yanaweza kumuua. Yule mwenzetu aliyekuja kwenu akikohoa, kifua hakijapona. Mimi mwenyewe nalala na wajukuu, kila siku mafua. Mama yako alipokuja na jembe tulimkwepa. Tulijua akitoka hapa anarudi kukulisha wewe." Akang'oa gugu moja, akalikung'uta udongo. "Wako wanaoogopa mambo ya zamani, sitakudanganya. Wawili, watatu. Wengine tumetii tu."

Miezi miwili nilikuwa nimewatazama wakipita kwenye mawe, na kila siku niliwaandikia insha ile ile upya.

"Taja mwisho," akasema.

"Mama?"

"Miiba inatoka lini?"

Sentensi yangu ilikuwa pale pale mdomoni. Leo. Ilikuwa neno moja tu, na mama angekuwa na watu kesho asubuhi. Nilihesabu. Dripu ya nne juma lile, ya tano mwishoni mwa Februari, ya sita katikati ya Machi, na wiki tatu za damu kupanda.

"Sijui kama dawa itafanya kazi," nikasema. "Hata daktari hajui. Siwezi kuahidi."

"Sijakuuliza utapona lini. Nimekuuliza miiba inatoka lini."

"Pasaka," nikasema. "Baada ya Pasaka."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyetajiwa siku ya kikao. Akaniuliza tunasafiri lini, nikamwambia Jumatano. Akauliza kama mama anakwenda nami. Nikasema ndiyo, tunarudi Ijumaa.

"Haya, rudi ndani," akasema. "Jua hili siyo lako."

*

Dripu ya nne ilikuwa nyekundu kama zilizotangulia. Muuguzi aliyevaa aproni na glavu ndefu aliitundika kwa uangalifu kama kitu kinachoweza kumuunguza, na kweli kingeweza. Niliitazama ikishuka kwenye mrija. Nilimwambia daktari nilitaka kuacha, akaniuliza kwa nini nimerudi. Nikamwambia habari za kupe. Akazungusha kalamu mezani, akasema angependa kuwaambia hivyo wanafunzi wake.

Ijumaa tulishuka kwenye basi barabarani mchana, nikiwa na mfuko wa kutapikia mkononi. Tulipanda njia ya kwetu polepole. Mama alikuwa mbele, na alisimama kabla sijajua kwa nini.

Shamba lilikuwa limepaliliwa, lote, mpaka kwenye mpaka wa katani. Udongo ulikuwa mweusi na mbichi, umerundikwa kwenye shina la kila hindi, na nyayo zilikuwa zimetapakaa kati ya mistari, za watu wengi, nyingine za ndala, nyingine za miguu mitupu. Hapakuwa na mtu hata mmoja. Nilitazama chini bondeni, nikatazama kwa jirani. Moshi wa mchana ulikuwa juu ya paa lake, na mlango umefungwa.

Mama aliweka mzigo chini, akaingia kwenye mstari wa kwanza, akatembea taratibu akiinama hapa na pale.

"Huyu ana haraka, siku zote," akasema. "Ona, ameyakata maharage." Akavuka mstari. "Huyu ni wa kifua. Analima anapumzika, analima anapumzika. Ameacha vipande." Akaenda hivyo mstari hadi mstari, akiwataja wote, kumi na mmoja, kwa namna majembe yao yalivyogeuza udongo, akiwalaumu mmoja mmoja kwa sauti ya kawaida kabisa, kama walikuwa wamesimama mbele yake.

Alipomaliza alirudi njiani, akalichukua tawi la miiba pale lilipoegemea ua, akalilaza mahali pake nyuma yetu. Kisha akaingia ndani kutafuta glavu.

Mimi niliketi kwenye jiwe la mama wa maziwa nikisubiri kichefuchefu kipite. Karibu na mguu wangu, mwisho wa mstari wa yule mwenye kifua, kulikuwa na gugu moja lililobaki. Nilinyoosha mkono.

"Liache," mama akasema kutoka ndani. "Mikono yako ina dawa."

Nikaliacha.